Mikorosho Yenye Alama Nyeupe

Baba yangu,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mungu akulaze pema. Sisi wazima, ila mimi roho haijatulia tangu Jumatatu, na hata hii kalamu inateleza kwa jasho. Kesho asubuhi kuna mkutano pale shuleni. Bwana Utafiti anakuja kusoma majibu ya mikorosho yetu, na majibu yenyewe, Baba, si ya kweli. Wewe na mimi tunajua kwa nini.

Unakumbuka alivyokuja mara ya kwanza, na pikipiki yake na mkoba wa makaratasi? Mtaalamu wa serikali, mtu wa bara, mpole, hajui hata kuketi mkekani, miguu anaihangaisha huku na huku. Akapaka rangi kwenye mashina ya mikorosho yako, nusu nyekundu, nusu nyeupe. Yenye nyekundu vijana wake wakaipulizia salfa kwa mashine, isipate ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyavika maua vumbi la kijivu mpaka yanakauka bila kutoa korosho. Yenye nyeupe akasema isiguswe. Akakukabidhi shamba ulinde, na magunia machache ya salfa iliyobaki akayaacha ghalani kwetu. Kila alilosema wewe "ndiyo bwana, ndiyo bwana." Pikipiki ilipokata kona ukanigeukia: "Tatu, kijana wa watu salfa haimtoshi, anaona haya kusema. Tumsitiri."

Hapo ndipo yalipoanzia. Kulipopambazuka ukaniita, umande ungali majanini, maana salfa hushika jani likiwa na maji. Mkononi una soksi ndefu ya nailoni ya mitumba, ile iliyotoka ndani ya furushi la Kibiti, Mama akacheka mpaka akakaa chini, akauliza nani hapa kijijini ana mguu wa kuivaa. Ukaijaza salfa, ukaifunga kwenye ufito, ukawa unaitikisa juu ya miti yenye nyeupe, mmoja baada ya mwingine. Mimi nimebeba mfuko, napiga chafya, macho yanawasha, na kofia yako nzima imekuwa njano.

Nikakwambia, "Baba, si walisema hii isiguswe?"

Ukanikaripia. "Imekosa nini? Wewe ukipakua wali, utampa huyu umnyime yule, naye kakukodolea macho?"

Ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu, watu wananipita kisimani kimyakimya, na wewe ndiye uliyekuwa hunihoji. Neno lako lile la "imekosa nini" nililichukua kama langu. Basi tukafanya hivyo misimu miwili, na nikajua hii ni siri yetu wawili tu. Mama alikuwa na yake, mwaka ule alikuwa akigombana na jirani kwamba mbuzi wao kamtafunia chekeche lake la unga.

Masika ulipofariki, Bwana Utafiti alitoka Ikwiriri kuja kutupa pole. Safari hii mkekani aliketi vizuri. Akaniambia, "Dada, mzee wako alikuwa mwaminifu. Hakuna aliyetunza majaribio kama yeye." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini ajabu, nyeupe na nyekundu zimezaa sawasawa. Inaonekana salfa haina faida huku kwenu." Nikamuuliza, hiyo nyeupe ilikuwa ya nini hasa? "Ya kulinganishia," akasema. "Ndiyo maana tuliiacha bila dawa."

Kumbe hakuishiwa na kitu! Nilipaswa kufungua mdomo palepale, na sikufungua. Nilisema ngoja nikaangalie chai, nikaenda kusimama jikoni mpaka nikasikia pikipiki inaondoka. Hilo naomba unisamehe, maana mimi bado sijajisamehe.

Jumatatu mwenyekiti alipotangaza mkutano, Mjomba Athumani alipita hapa. Tangu biashara iwe huria salfa hailetwi tena na ushirika, ni ya dukani, na watu wanauliza mara mbili kabla hawajanunua. Mjomba akasema, "Nasubiri huo mkutano wa Jumamosi. Wakisema haifai, nakata mikorosho yote nachoma mkaa. Wenye malori ya Dar nimeshaongea nao." Na si yeye peke yake. Maua yameanza kutoka, Baba, na kwenye mengine vumbi limeshaingia. Mkorosho ukishakatwa, nitakwenda kumwambia nani kwamba tulikosea?

Juzi nikamweleza Mama kila kitu. Hakushtuka, nami kwa wasiwasi wangu sikuliona hilo. Akasema tu, "Baba yako alimsitiri mtu, wewe unataka kumvua nguo na yumo kaburini? Mbele ya kijiji?" Jana nikapanda darini kuitafuta soksi, maana nilitaka niende na ushahidi, haipo. Nikaikuta uani, inaning'inia kwenye kamba, imefuliwa, haina hata doa la njano. Mama anafagia, hanitazami.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia na wewe. Ungeuliza, Baba! Neno moja tu, "bwana, hii nyeupe kwa nini?" Sasa nitasimama mikono mitupu, mwanamke aliyeachwa, niseme mzee aliyesifiwa na serikali nzima aliharibu kazi. Nani ataniamini?

Leo mchana Mama amekuja akaketi karibu yangu, akatoa kitu ndani ya khanga. Chekeche lake, lile alilosema limetafunwa na mbuzi. Wavu wote mzima, ila umeganda njano.

"Soksi niliifua," akasema. "Hili nimelisugua kwa majivu, nimelisugua kwa mchanga, limekataa. Ile salfa ilikuwa mabonge matupu, mwanangu. Baba yako angeijaza vipi kwenye soksi bila mtu wa kumchekechea?" Akalilaza mapajani pangu. "Kesho ukisema, useme na mimi nilikuwemo. Tunakwenda wote."

Kwa hiyo tunakwenda, Baba. Sijui Bwana Utafiti atakunja uso vipi, wala Mjomba atatusikiliza au la. Ila kesho ukisikia jina lako linatajwa mbele za watu, usifadhaike. Ni sisi.

Mwanao, mbeba mfuko wako,
Tatu