Kreta Bila Watu

Jumanne, 15 Julai

Vumbi hadi kwenye meno. Nimeosha gari mara mbili na maji bado yanatoka mekundu.

Foleni ya magari ya watalii kushuka kreta kwa njia ya Seneto leo ilianzia juu kabisa. Tumeshuka pua kwa mkia. Chini simba mmoja amelala, magari yamemzunguka kama watu kwenye ajali. Mgeni wangu akanyanyua kamera, nikaona anapiga picha magari, si simba. Simlaumu. Miaka kumi na tisa nashusha watu kreta. Zamani nilikuwa nikifika ukingoni nakosa la kusema. Siku hizi nafika nikiangalia saa.

Nimerudi Rhotia nimechoka. Aayo ameniwekea chai. Kamimina nje ya kikombe tena. Mama yangu huyu, miaka sabini na moja, mkono wake ulikuwa haumwagi hata punje ya mtama. Nikafuta meza.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempeleka Aayo hospitali. Presha ya macho. Daktari kijana, mpole, anaongea taratibu. Anasema yaliyopotea hayarudi. Pembeni haoni tena, macho yote mawili. Kilichobaki ni katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hata hapo pana ukungu. Matone asubuhi na jioni, ya kuzuia. Nikauliza yatazuia kwa muda gani. Hajui. Labda miaka, labda miezi.

Kumbe ndiyo maana ameacha kwenda sokoni siku ya mnada. Mimi nilidhani ni uzee. Watu wanamtokea ubavuni kama wamechomoza ardhini, wanampiga kikumbo, anaogopa. Mwaka mzima ameogopa watu na hakuniambia. Nina hasira na sijui namkasirikia nani.

Njiani tukirudi, magari ya watalii yanatupita. Akauliza, "Hivi wewe huwa unawapeleka kuona nini hasa?"

Nikataja wanyama. Nilipofika kwa faru akanishika mkono. Baba yake alifanya kibarua cha barabara ya ukingoni enzi hizo, akawa anarudi nyumbani na habari za faru. Aayo amezaliwa hapa, ameolewa hapa, amelima hapa. Msitu wa kreta unaanzia juu ya shamba lake. Hajawahi kushuka hata mara moja. Wala mimi sikuwahi kumwambia twende. Miaka kumi na tisa!

"Nataka nimwone faru," akasema. "Kabla."

Hakumalizia. Nikaendesha.

Jumapili, 20 Julai

Bosi amekubali. Jumatatu ya tarehe 28 gari halina wageni, nilichukue nimpeleke mama. Nimemshukuru mpaka akaona haya.

Lakini Julai, Mungu wangu. Mahubiri yote nilikuwa nawaza magari. Aayo asimame katikati ya magari arobaini, watu wanapiga kelele kila upande asiouona? Atakaa chini afumbe macho. Namjua. Haitakuwa hivyo. Nitamtafutia kreta bila watu.

Nimechora ramani nyuma ya daftari hili. Umati una ratiba kuliko shule. Asubuhi wote Seneto. Saa nne wote ziwani. Saa sita na nusu wote Ngoitokitok, wanafungua lanchi boksi huku mwewe wanawanyang'anya kuku. Saa nane msitu wa Lerai, kisha wanapanda kutoka. Basi nitafanya kinyume. Nitashukia mashariki, njia mbovu na ndefu. Wakila, mimi niko upande wa pili. Wakija, mimi nimeondoka.

Nimejiona mjanja sana.

Jumatano, 23 Julai

Nimemwona faru, upande wa Lerai, mbali. Nikatangaza redioni. Ndiyo sheria yetu madereva, haijaandikwa popote: aliyeona anasema. Ukificha na ikajulikana, hakuna atakayekuita tena, na kreta ni kubwa mno kwa macho ya mtu mmoja.

Dakika kumi, magari ishirini na kitu. Vumbi. Watu juu ya viti. Faru akatugeuzia makalio akaenda zake.

Elibariki akaegesha ubavuni mwangu, anacheka. "Chalii wangu, umeniokoa. Hawa wangu wanaruka na ndege kesho, walikuwa wameshaninunia." Tulianza kazi mwaka mmoja mimi na yeye. Ni Mmaasai wa Piyaya, anaona sikio la faru mahali mimi naona majani. Sina hesabu ya mara alizoniita.

Jumatatu nikimwona sitatangaza. Nimeshaamua. Naona aibu tangu sasa.

Jumamosi, 26 Julai

Aayo amefua gauni la kitenge na kulipiga pasi mwenyewe. Ameunguza pindo. Akasema halionekani.

Dada kapiga simu kutoka Baray, yuko shambani kwenye vitunguu. Anasema namtesa mama, nimpeleke akaombewe badala ya kumrusha kwenye mashimo. Nikamkatia simu. Nimekosa, nitampigia.

Siogopi nyati wala simba. Naogopa tusimwone. Kuna siku tatu, nne zinapita faru hajaonekana na mtu.

Jumatatu, 28 Julai

Niandike yote kabla hayajapoa.

Tumetoka saa kumi na moja na nusu. Geti la Lodoare, kisha ukungu. Msituni huoni mita tano. Aayo kakaa mbele, mikono magotini, kama yuko kanisani. Nikakata kulia, ukingo wa mashariki. Hakuna gari hata moja. Barabara inatupiga, yeye halalamiki.

Kwenye kona ya kwanza ya kushuka ukungu ukachanika. Nikasimama.

Sijui nilitegemea nini. Akaanza kugeuza kichwa, polepole mno, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu chini kidogo, halafu akarudi. Anaisoma kreta kipande kipande, maana tundu lake halimpi zaidi. Mawingu yanamwagika juu ya ukingo wa kule kama maziwa yanayofurika sufuriani. Ziwa linameta. Nikajikuta na mimi nafuata kichwa chake. Ukuta. Msitu. Majani. Maji. Nimepita pale mara ngapi? Sikuwahi kuiona hivyo.

"Ardhi yote hii," akasema, "na hakuna jembe hata moja?"

Nimecheka mpaka nikazima gari.

Chini nyumbu walivuka mbele yetu, mamia, wanaguna. Walikuwa karibu, aliwaona. Akawahesabu mpaka akakata tamaa. Mpango wangu unakwenda sawa. Saa nne, wao ziwani, sisi mashariki. Nilipoona vumbi lao nikageuza. Saa tano na nusu tukazunguka kaskazini, peke yetu kabisa.

Tukaingia Lerai wakati wao wanakwenda kula. Chini ya migunga ya njano tembo dume, mzee, pembe zinakaribia kugusa ardhi. Akatoka kwenye miti akaja moja kwa moja. Nikazima injini. Alipita mita mbili kutoka dirisha la Aayo. Mguu wake ulijaza dirisha. Aayo aliangalia ule mguu ukinyanyuka, ukakaa, ukanyanyuka, hauna sauti. Ngozi imepasuka kama shamba la Oktoba. Baadaye akasema, "Mzito vile, na anatembea kama hataki kuamsha mtu." Angetaka turudi nyumbani hapohapo ningerudi nimeshiba.

Saa saba na dakika tano. Nje ya Lerai, majani marefu, nikaona jiwe mahali pasipo na jiwe. Nikasimamisha. Jiwe likatikisa sikio.

Moyo wangu! Kama nina siku moja kazini. Nikafungua paa, nikampandisha Aayo juu ya kiti, nikamshika kiuno, nikamwonyesha. Pale. Kulia kwa kichuguu. Nikampa darubini. Alikaa nayo muda mrefu, anaihamisha kidogo kidogo.

"Eeh," akasema. "Eeh, baba alisema kweli."

Hakuna gari. Hakuna mtu. Upepo tu. Nimefanikiwa, nikajiambia. Redio nimeipunguza sauti, lakini nasikia wenzangu Ngoitokitok wanaulizana, kuna lolote? Hakuna lolote. Sauti ya Elibariki ikiwemo. Nikaiacha.

Aayo akateremsha darubini. "Hao wenzako wanajua?"

Nikamwambia hawajui, na hawatajua, leo ni siku yake.

"Waite."

Nikabisha. Nikamweleza vumbi, kelele, wataziba kila upande. Nikamkumbusha mnada. Akanitazama, yaani akanitafuta usoni mpaka akanipata. "Petro. Nimepika pombe ya shukrani miaka mingapi pale nyumbani? Uliniona lini nimefunga mlango nikanywa peke yangu? Waite."

Nikaita. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Elibariki alifika wa kwanza. Kisha watano, kumi, sikuhesabu tena. Vumbi likatufunika. Nikasimama nyuma ya Aayo nimemzungushia mikono nikisubiri aogope. Magari yakazima, moja, jingine, jingine, mpaka la mwisho. Kimya. Magari thelathini na kimya kama cha mageuzi ya misa, padri ameinua mkate.

Faru akasimama. Mkubwa, mweusi kwa tope. Na nyuma yake, kutoka kwenye majani ambayo nilikuwa nayatazama kwa robo saa, akatoka mtoto. Mdogo, hana hata pembe. Mimi sikumwona! Akajikwaa, akakimbia akamgonga mama yake mguuni.

Watu wote walivuta pumzi kwa pamoja. Sijui mataifa mangapi yalikuwa pale, pumzi ilikuwa moja. Elibariki ananong'ona, anawaambia wageni wake kila hatua ya yule mtoto, kisha anarudia kwa Kiswahili, nikajua anamwambia mama yangu. Gari la kushoto mwanamke mzima analia wala hajifichi. Mimi pia nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Aayo alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sijaiona tangu baba afariki. Uso wake kaugeuzia magari, si faru. Nikadhani anashangaa wingi wa watu.

Jumanne, 29 Julai

Elibariki ameuliza nilikaa naye muda gani kabla ya kuita. Nimemwambia ukweli, dakika nane. Kisha akasema kwa ajili ya mama angenisamehe hata nusu saa, ila nisizoee.

Nyumbani majirani wamejaa. Aayo anawasimulia faru. Kasimulia tope, sikio, mtoto alivyojikwaa. Kasimulia vizuri kuliko mimi ninavyosimulia kwa mshahara. Nimempigia dada, nikamwomba radhi.

Ijumaa, 1 Agosti

Jioni nimemwekea Aayo matone. Lazima alale kidogo na macho yamefumbwa, na mimi hukaa naye kitandani. Sebuleni kimya. Majirani wamekwisha kuondoka.

Akasema bila kufumbua, "Mimi sikumwona yule faru."

Sikuelewa. Nikamwambia nilimpa darubini. Akasema ndani ya darubini aliona majani, na majani, na weupe. Alitafuta mpaka shingo ikauma. Alisema eeh kwa sababu mimi nilikuwa nimefurahi.

Mimi niliyeona jiwe likitikisa sikio, nilimwonyesha mama yangu kichuguu nikadhani nimemwonyesha faru. Nimepanga magari, saa, njia. Macho yake sikuyapanga. Nimejisikia mjinga, na nimeumia sana.

Akanipapasa mpaka akapata goti langu.

"Ndiyo maana nilikuambia uwaite. Walipozima magari nikajua ni mkubwa. Walipovuta pumzi nikajua kuna kitu kimezidi. Yule mama alipolia nikajua ni kizuri. Na yule Mmaasai wako akanipa mengine yote. Mimi na wewe peke yetu pale, mwanangu, nisingeona kitu."

Wiki nzima nimehangaika kuwaweka wale watu mbali naye.

Tukakaa. Nje mbuzi wa jirani wanaingia bandani. Baadaye akafumbua macho, akafuta shavu kwa ncha ya khanga, akasema nimpeleke tena, siku yenye watu wengi. Nimemwambia Agosti magari ni mengi kuliko Julai.

Akasema basi iwe Agosti.