Dokta Asiye na Sindano

Maman,

Walikuja kuniposa, nami nikawaambia ukweli. Shangazi hasemi nami tangu Jumapili. Asiseme.

Yeye alikuwa amenipanga vizuri. Wakiuliza wewe ulikufa kwa ugonjwa gani, nijibu presha. "Ukisema ile ingine, bantu batakimbia posa." Basi nikaleta chai, nikaketi, na mzee wao alipouliza kama kuna ugonjwa katika ukoo wetu, nikasema upo. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa akili. Aliacha kula, akageukia ukuta, na sisi tukawaambia majirani ana malaria. Nami ugonjwa huo umenipata, natibiwa, na ninapata nafuu.

Chai yao ilipoa, Maman, lakini sikunyamaza. Niliwaeleza kama ninavyowaeleza wateja vitenge vyangu. Muuguzi wa afya ya akili, pale kituo cha afya, ndiye aliyenipokea na ndiye anayenipa vidonge. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye aliyeviandika, huyo namwona mara chache. Halafu yuko mwanasaikolojia. Huyu hatoi dawa kabisa, kazi yake ni kuzungumza nami kila Alhamisi, na tangu nianze kwake nimerudi kulala usingizi wa watu.

Huyo ndiye tuliyemkosea. Wewe ulimwendea mara moja tu, ukarudi nyumbani Gihundwe kwa miguu, umefura kwa hasira: "Ule dokta hana hata sindano! Ananiuliza tu maulizo, sawa vile niko na kesi!" Tulicheka nyumba nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema kweli, dokta gani huyo. Hukurudi tena kwake. Nisamehe, Maman. Hilo linaniuma kuliko hata siku tuliyokuzika.

Wageni waliondoka bila kutaja siku ya mahari. Waende. Siwezi kuolewa kwa kukuficha.

Ila jana mama wa yule kijana aliyeniposa alikuja dukani kwangu peke yake. Akashikashika kitenge asichokitaka, akangoja mteja atoke, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ule wa kuzungumuza, anapokeaka siku gani?"

Nitampeleka mimi mwenyewe, na tutapita barabara kubwa, Shangazi atuone.

Pumzika, Maman yangu. Nakuahidi nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Na akitoka mle amekasirika, Alhamisi inayofuata nitampeleka tena.

Mwanao,
Zaina