Herufi Zilizokuwa Zikikuchezea

Mayu, mama yangu, shikamoo. Najua huko Kharumwa mama mdogo ndiye atakayekusomea. Asiruke mstari, hata ule utakaomfanya anitukane.

Tangu nirudi kutoka mafunzo ya walimu wa kisomo cha watu wazima situlii. Nakuona darasani, ndani ya ghala la pamba pale Kishapu, nyuzi nyeupe zimekuganda kwenye kanga. Mwalimu akitamka, nyote mnafuata kwa pamoja, sauti yako juu ya zote. Ukurasa mzima uliujua kwa kichwa. Siku ya jaribio mkaitwa mmoja mmoja. Ukasimama mbele ya ukurasa uleule, ukaukodolea macho.

"Mama Kabula, soma basi!"

"Zinacheza, mwalimu. Zinacheza bugobogobo, kama tuko kwenye ngoma ya majembe."

"Zipe majembe kabisa, zikulimie!" akadakia Mama Masanja.

Darasa likaangua kicheko. Wewe pia ulicheka. Nyumbani hukula. Mwalimu alisema huna nia, baba akasema ni umri. Kabla wiki haijaisha ukaenda kwa mama mdogo, eti kumsaidia kulima.

Sasa mwalimu ni mimi, na simpimi mtu kwa kuitikia na wenzake. Namketisha peke yake. Kwanza namwonyesha herufi kubwa kutoka mlangoni, nijue macho. Kisha nanong'ona nyuma yake, nijue masikio. Ndipo kitabu. Juzi alikuja mzee Ng'wandu, macho mazima, masikio mazima, lakini kila mstari ulimponyoka. Nikaufunika ukurasa kwa kipande cha boksi, nikauacha mstari mmoja tu. Akasoma maneno machache, akafuta jasho.

"Leo zimetulia, mwanangu."

Nilitoka nje. Sikuweza kukaa.

Sijui hali hii inaitwaje. Mkufunzi alituambia tu kwamba wapo watu wazima wenye akili zao ambao herufi hazitulii machoni mwao, na wengine ambao mawazo hayakai mahali pamoja. Wewe ni yupi? Huenda kipande cha boksi kisikusaidie chochote. Hilo ndilo linalonizungusha chumbani: nikuite urudi, kisha ushindwe tena, safari hii mbele ya mwanao?

Hata hivyo njoo, Mayu, pamba ikishauzwa. Darasa halitakuwepo, wala cheti. Tutafunga mlango. Sitakuambia usome. Nitafungua ukurasa nikuulize jambo ambalo sote hatukukuuliza: unaona nini?

Nakungoja, na kungoja kunanishinda.

Binti yako wa kwanza,
Kabula