Taa Mbea ya Bodi Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Miezi mitatu ya majaribio. Karakana inaunda bodi ndogo za umeme ambazo wateja hujaribia mota kabla ya kuagiza mzigo mkubwa. Mimi naiwasha bodi, naizungusha mota nusu saa, natazama taa. Kijani, salama. Nyekundu, bodi imegundua hitilafu. Kisha nasaini karatasi ya ukaguzi. Mimi!

Bosi anaitwa Injinia. Aliyeanza kumwita hivyo ni yeye mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Namba tatu – nyekundu, dakika ya tisa. Nikamkimbilia Injinia. Akabonyeza kitufe cha kufuta, taa ikazima. Eti imepona. Ikawaka. Akabonyeza. Mara sita! Ya saba ikachelewa kidogo, akaniambia niandike "safi" upesi kabla haijabadili mawazo.

Dada anayelehemu vipuri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mdogo wangu, hapa bodi hatuzitengenezi. Tunazibembeleza."

Sikusaini. Nilijifanya natafuta rula.

Jumatano, 5 Machi

Nimeigusa chipu ya namba tatu. Imeniunguza kidole! Dada akaigeuza bodi: risasi ya kulehemia haikushika chini ya chipu, joto halina pa kutokea. Kumbe taa inasema kweli tupu. Na bodi hii ni ya mteja wa vitanda vya hospitali – vile vinavyopandishwa na mota, mgonjwa akiwa juu!

Nilimwambia Injinia. Nilinong'ona, lakini nilimwambia. "Juzi tu ulikuwa na sare ya shule, leo unanifundisha joto?" Majibu mazuri yalinijia nikiwa nyumbani, naosha vyombo. Matatu.

Alhamisi, 6 Machi

Injinia ameipatia dawa. Ameing'oa taa! Sekunde tatu, ikalala mezani kama jino. "Haya, hitilafu iko wapi sasa?" Anasema taa ile mbea, inatangaza mambo ya ndani mbele ya wageni.

Mteja anakuja kesho. Mama yangu ameniasa nisipoteze kazi kwa ukimya wangu. Laiti angejua ukimya unavyothaminiwa pale!

Ijumaa, 7 Machi

Naandika chooni, kazini.

Mteja ni mama mmoja mpole, ana macho ya mwalimu anayesahihisha. Kaweka kidole pale palipokuwa na taa. Akauliza mbona pana pengo. Injinia: hili toleo jipya, halihitaji taa. Mama akauliza litamwonyeshaje hitilafu. Injinia: toleo jipya halina hitilafu! Dada akakohoa vibaya sana.

Basi mama akataka karatasi ya ukaguzi, yenye saini. Injinia akanigeukia, anatabasamu kwa meno yote: "Binti, maliza kusaini umletee mgeni." Nikachukua karatasi na kalamu, nikaja huku.

Nimeandika: Dakika ya tisa, nyekundu. Joto. Kitufe kimebonyezwa mara saba. Taa imeng'olewa jana. Chini, jina langu kamili.

Injinia anagonga. Anasema niipenyeze karatasi chini ya mlango, atampelekea mgeni mwenyewe, nisijisumbue. "Tafadhali, mwanangu." Mwanangu! Wiki nzima sijasikia tafadhali humu.

Naona ncha za viatu vyake. Nimesema hapana. Kwa sauti – imegonga kuta zote nne.

Sasa viatu vingine vinakuja, vya kike, havina haraka. Yule mama anauliza kama niko salama humo ndani. Nafungua mlango; karatasi nitampa yeye mkononi.