Kopo la Pumba

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Temeke hatujambo. Mume wetu, babu yako, bado anagombana na jogoo wa jirani.

Umeniuliza kama Mungu humchoka mwenye imani haba. Enzi za foleni za duka la ushirika, kanisani tulikubaliana kila mama akipika atenge kiganja cha unga kwenye kopo, kwa ajili ya nyumba yenye shida. Niliogopa mwanangu atalala njaa. Nikajaza kopo pumba, juu nikanyunyiza unga, nikalipeleka.

Wiki hiyohiyo babu yako akaugua, unga ukatuishia. Mama Tabitha, kiongozi wetu, akatuletea makopo yote, na langu likiwemo. Akalifungua, akatia kidole mpaka chini. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hili wape kuku, mwanangu," akasema, kisha akachukua kopo lake, akasonga ugali kwa mkono wake. Hakulitaja tena jambo lile mpaka tunamzika.

Imani yangu bado haba, Neema, ila kiganja natenga hadi leo. Tonge la kwanza la ugali ule alikula mama yako.

Bibi yako anayekuombea.