Vyeo Nilivyotunga kwa Kilojban

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Pokea salamu za kaka yako, ninayeandika mwenyewe bila kumbembeleza mtu. Herufi zikiegemeana kama walevi, zisukume taratibu, utafika. Magoti yako je? Na shemeji, kifua kimemwachia? Mimi mzima, meno yamebaki ya kutosha kubishana.

Uliuliza mbona nimekaa kimya. Unamjua mwanangu, huyu wa kompyuta, na mkewe. Walikutana kwa Kilojban, lugha iliyotungwa na watu wamekaa na akili zao, eti kila neno liwe wazi. Mtoto wao wakamlea nayo, hajui nyingine. Sasa sikia kituko: mjukuu wangu, hata shule hajaanza, ananiita kwa jina langu kavu kama polisi!

Nikagomba. Mwanangu akasema lugha hiyo haina shikamoo, ina kineno cha heshima, "io", na cha kumwitia mtu, "doi", basi. Anayetaka vyeo atunge. Akanichokoza, eti mzee utaweza? Mimi, kinyozi niliyenyoa mtaa mzima? Kila aliyeketi kwenye kiti changu nilimpandisha ngazi moja. Mwenye viatu vilivyotoboka nilimwita Mkurugenzi, akanyoosha shingo, wembe ukapita bila kumkwaruza. Nani ananishinda kwa vyeo?

Nikatunga. Majina yao hayataki kuishia na a, i wala u, nikayabandika s mkiani: babus, fundis, shangazis (huyo ndiye wewe, shukuru). Wenzake mwanangu wa kwenye mtandao walicheka, kisha wakaanza kuyatumia. Mjukuu akawa anasimama mlangoni pangu kila asubuhi: "Io doi babus!" Nami namjibu: "Io doi malkias!" Nilitembea nimetanua kifua kama jogoo.

Mkwe wangu alinisihi nijifunze na maneno mengine, njaa, usingizi, kuumwa. Nikamwambia mtu akishaitwa vizuri, yanayobaki ni porojo. Mtoto alikuwa ananisimulia marefu na mapana, namrushia Malkia yake, anaridhika.

Basi, mdogo wangu, ndoa imevunjika. Mkwe wangu amerudi kwao na mtoto, mbali sana. Waliachana wakiwa wamekubaliana jambo moja: siku mtoto mwenyewe akisema anataka kurudi huku, atarudishwa bila ugomvi. Mwanangu anaishi kwa neno hilo. Chakula hakipiti, simu haimtoki mkononi.

Siku moja aliiacha mezani akaenda kuoga. Ikalia. Alikuwa mjukuu. Akaniita babus, kisha akasema maneno mengi, sauti inapanda kama ya anayeomba. Nikamjibu, "Io doi malkias." Akarudia polepole, kama unavyomwambia kiziwi. Nikamjibu vilevile. Akaanza kulia. Nami namwita Malkia, namwita Malkia, mpaka simu ikakatika.

Mwanangu akatoka na taulo, akauliza mtoto amesema nini. Nikamwambia alinisalimia tu. Ulimi ulikataa kusema sikuelewa. Nimemficha mpaka leo, wewe ndiye wa kwanza kujua. Hata sauti za yale maneno sizikumbuki, ningemtajia. Na tangu siku hiyo mtoto hataki kushika simu. Mama yake anasema amenuna, wala hasemi kwa nini.

Jana mwanangu alisema kwamba mtoto amezoea kutokuwa nasi, angetaka kurudi angeshasema. Akafungua kitanda cha mtoto kipande kwa kipande akipeleke stoo. Akaniomba nishike upande mmoja, Baba, ni kizito. Nikashika.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani yako mpenda maneno mwambie bado nipo. Ukijibu, jambo hili usiliguse. Barua zako ananisomea mwanangu.

Ni mimi kaka yako,
Kinyozi