Gari Moja tu la Kwenda Ujerumani

Jumapili, 7 Aprili 2019

Wiki saba bila neno hata moja. Nakiri kosa na naomba radhi. Kwa nani, sijui. Kwa daftari hili, basi. Miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto wa mji huu wa Lawton sarufi, na niliwaambia waandike kila siku, hata siku isiyo na jambo. Mimi nimeacha kuandika kwa sababu jambo lilikuwapo.

Nitalifikia. Kwanza habari ya leo. Binti yangu Corliss, sajenti jeshini, amepata amri ya uhamisho: Ujerumani, miaka mitatu. Tunaondoka Juni — yeye, mtoto wake Lettie wa miaka saba, na mimi. Mimi! Miaka sabini na minne, mguu wa kulia umekufa ganzi kwa kisukari. Jeshi linanitambua kama mtegemezi wa Sajenti Tolliver. Neno silipendi, lakini ni sahihi.

Jeshi litasafirisha gari moja kwa gharama yake. Moja tu. Tunayo mawili: pikapu mpya ya Corliss na Buick yangu. Katika Buick fundi aliniwekea kikanyagio cha mafuta upande wa kushoto wa breki, ili niendeshe kwa mguu ulio mzima. Pikapu siwezi kuiendesha hata hatua kumi.

Corliss ameamua akiwa bado amevaa buti. "Buick inakwenda, Baba. Pikapu nitaiuza."

Nilisema asante. Nikarudi kwenye sahani yangu ya bamia.

Jumanne, 9 Aprili

Karatasi za kituo cha kupokea magari, Dallas. Tangi lisizidi robo. Gari lioshwe hadi chini ya tumbo. Kioo kisiwe na ufa. Hati halisi ya umiliki. Katika ukurasa wa pili nilikuta sentensi ya maneno sitini na mawili. Niliikata vipande vitatu kwa kalamu nyekundu.

"Baba! Hiyo ni karatasi ya serikali, si insha ya darasa la saba!"

"Ndiyo maana inahitaji msaada."

Alicheka, akaenda kuchapisha nyingine. Ni vizuri kumsikia akicheka.

Kisha akatoa ile karatasi nyingine. Mzazi mwanajeshi anayelea peke yake lazima aonyeshe ni nani atakayebaki na mtoto yeye akiwa mazoezini. Ni mimi. Nyumba za kambini zina foleni ya miezi mingi, kwa hiyo tutapanga kijijini, kilomita kumi na nane kutoka shuleni. Akienda porini wiki tatu, nitampeleka Lettie shule, kwa daktari, kila mahali. Mlezi asiyeendesha gari, kamanda hatampitisha. Corliss alinieleza hayo huku akichambua maharage, kama anayesoma orodha ya zamu. Ana miaka kumi na minne jeshini. Imebaki sita afikie pensheni. Mpango usipopita, ama aache jeshi, ama Lettie akaishi na baba yake huko Tulsa, mtu ambaye hukumbuka siku ya kuzaliwa ya mwanawe baada ya wiki.

Nilitia saini. Mwandiko ulitoka mzuri sana. Naona haya kuutazama.

Alhamisi, 11 Aprili

Kwa Odell, kinyozi. Habari ilishafika kabla yangu. Haskell, sajenti meja mstaafu, alikuwa kwenye kiti cha pembeni asichokilipia kamwe.

"Usipeleke hilo bati, Mwalimu! Vijiji vya kule barabara ni nyembamba kama suruali yangu ya harusi."

"Suruali yako ya harusi sasa haikupiti hata kwenye goti," akasema Odell.

"Nyoa, wewe. Sikiliza, Mwalimu. Kambini kule kuna uwanja wa magari, wanaoondoka wanawauzia wanaoingia. Gari la dola elfu. Linakohoa, lakini linakwenda."

Nilimwambia kwamba hakuna hata moja lenye kikanyagio cha kushoto. Alisema Wajerumani hawakosi mafundi. Huenda ni kweli. Kisha akaniangalia kwenye kioo. "Ila niambie kweli. Bado unaendesha sawasawa?"

"Huyu?" Odell akadakia. "Huyu akifika kwenye alama ya kusimama, husimama hadi nyasi ziote chini ya gari!"

Duka zima lilicheka. Mimi nilicheka mwisho, nilipokwisha kuvuta pumzi.

Sasa niandike. Haina maana kuliahirisha tena.

Ijumaa, tarehe 15 Februari, saa tisa alasiri. Nilikuwa kwenye mstari wa magari mbele ya shule. Lettie alishapanda nyuma na kufunga mkanda. Gari la mbele lilisimama. Nikakanyaga breki — nilikusudia breki. Mguu mmoja unafanya kazi mbili, na uliteleza kushoto, ama ulikosea, ama mimi nilikosea. Gari liliruka! Likapanda ukingo na kugonga nguzo ya njano iliyo kando ya mlango. Hakuna aliyeumia. Mtoto wa watu alikuwa amepita hapo punde. Punde kiasi gani, sijui. Nimeupima muda huo kichwani kila siku, na kila siku unakuwa mfupi zaidi.

Nilirudi nyuma, nikaondoka. Mlinzi wa shule alinipungia mkono akidhani nimegusa tu ukingo.

Jioni Corliss aliona bampa limekwaruzika. Nikamwambia ni toroli la dukani, kwamba mtu alilisukuma hovyo. Lettie alikuwa mezani akikata karatasi kwa mkasi.

Baadaye alinifuata barazani. "Babu, ile ilikuwa nguzo."

"Nenda ukasome," nikamwambia.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumeosha Buick, kwa kuwa kule Dallas hukaguliwa hadi tope la kwenye matao ya magurudumu. Mchana ving'ora vya kimbunga vilijaribiwa kama kila Jumamosi, na mbwa wa jirani akaimba navyo. Lettie alishika mpira wa maji. Corliss alipiga magoti mbele na brashi.

Alisugua bampa. Akaacha. Akasugua tena kwa kucha.

"Baba, siku hizi matoroli ya dukani yamepakwa rangi ya njano?"

"Sijui."

Hiyo ndiyo kauli yangu ya pili ya uongo. Ya kwanza ningeweza kuiita hofu. Ya pili haina jina zuri. Lettie alinitazama, kisha akaendelea kumwagilia gurudumu moja lile lile hadi maji yakaanza kuchimba udongo. Mama yake akamwambia afunge bomba.

Jumatatu, 15 Aprili

Mizinga ya mazoezi tangu asubuhi. Vioo vinatetemeka, na vikombe kabatini. Mara tatu nimemfuata Corliss jikoni nikiwa na sentensi tayari. Mara tatu nimeomba chumvi.

Ameshapata mnunuzi wa pikapu. Koplo mmoja, anakuja mwisho wa mwezi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimesema.

Ilikuwa wakati wa chakula. Lettie aliuliza kama Ujerumani kuna nguzo za njano. Mama yake akauliza kwa nini. "Nauliza tu," akajibu, akainamia sahani. Mtoto wa miaka saba amenibebea mzigo miezi miwili, na ameanza kuchoka! Nikaweka uma chini. Nilimdanganya mama yake mbele yake. Ilibidi niseme kweli mbele yake pia.

Corliss hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliuliza kama waulizavyo masajenti: kasi gani, umbali gani, Lettie alikaa upande gani, mkanda ulifungwa? Nilijibu yote. Kisha akamuuliza Lettie kama aliumia. Lettie akasema kofia yake tu ilidondoka.

"Mara ngapi, Baba?"

"Hiyo moja."

"Moja ninayoijua, au moja tu?"

Nilistahili kuulizwa hivyo. Nikasema moja. Ni kweli, lakini nilivyoitamka haikufanana na kweli.

Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Niliposimama mlangoni nilimwambia anipeleke kwa daktari, anipokonye leseni, amwandikie kamanda. Nilimwambia afanye lililo sahihi. Hapo ndipo alipogeuka, mikono ina povu.

"Usinipe mimi uamuzi huo! Siwezi kukunyang'anya funguo kwa mkono huu na kukukabidhi mtoto kwa mkono huu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Wewe ndiye unayeujua mguu wako. Amua, Baba. Ukisema Buick inakwenda, itakwenda, na nitalala porini nikiamini. Ukisema haiendi, nitajua la kufanya."

"Utafanya nini?"

"Sijui la kufanya!" akasema. Kisha akacheka, kisha hakuwa anacheka.

Jumamosi, 20 Aprili

Saa mbili asubuhi, uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu, kabla ya kina mama kuja na maua ya mayungiyungi ya Pasaka. Corliss amekopa koni ishirini za barabarani kutoka kikosini. Hakuniambia anakuja nazo. Nilizikuta tu zimepangwa, kwa hatua sawa. Lettie aliketi juu, kwenye ngazi za kanisa, ameamriwa asishuke hata akiona sarafu ya dhahabu.

Corliss alikaa kando yangu na ubao wa kuandikia. "Endesha. Nikisema simama, simama. Sitakuonya."

Hakunionya. Alisema akiwa anaangalia dirishani. Alisema katikati ya habari za bei ya mayai. Alisema mara mbili mfululizo. Sauti hiyo sijawahi kuisikia nyumbani. Nilielewa kwa nini vijana wake hukimbia. Nilisimama kila mara, bila kugusa koni. Baada ya mara kumi shati lilinishika mgongoni. Baada ya kumi na tano nilianza kujivuna kidogo, Mungu anisamehe.

Mara ya kumi na saba mguu ulikwenda kushoto.

Muda wa kupepesa jicho! Niliusahihisha mwenyewe. Lakini koni ilikuwa imeshaingia chini ya gari, na ilitoa sauti ambayo sikuitarajia, ya kitu laini.

Corliss aliandika. "Tunaendelea," akasema. Tatu zilizobaki zilikuwa safi.

Kumi na tisa kati ya ishirini. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Kwa alama hiyo darasani ningemwita mtoto mbele na kumpa mkono, na wazazi wangebandika karatasi kwenye friji. Nimekaa na hesabu hiyo siku nzima. Sioni mahali popote pa kuibandika.

Tulipokuwa tunakusanya koni Lettie alishuka ngazi mbio, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akafunga mkanda. Akaniambia, "Vizuri sana, Babu." Alikuwa anangoja niendeshe.

Nilimwambia Corliss aendeshe yeye. Hakuna aliyeniomba. Alikunja kikanyagio changu, akasogeza kiti mbele, akaendesha hadi nyumbani.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo ni mwisho wa kuthibitisha na Dallas ni gari gani litakwenda. Asubuhi Haskell alipita na keki ya mke wake na kusema kwamba nikifika nimtumie kadi ya posta, na nisijaribu kuwasahihisha Wajerumani. Nilimshukuru. Hajui lolote, na alinishika bega kama anayejua.

Nimefanya orodha mbili kwenye karatasi, kama nilivyowafundisha. Orodha ya kwanza, ya kupeleka Buick, ina mambo tisa: shule, daktari, theluji, pensheni yake, Tulsa na mengineyo. Ya pili, ya kuiacha, ina jambo moja. Haitakiwi orodha ya jambo moja iwe nzito hivi.

Nilimuuliza Corliss kama anaweza kuomba nyumba ya karibu na shule, nimpeleke mtoto kwa miguu, hata kwa fimbo. Alisema ameshaandika barua tangu Alhamisi, hajajibiwa. Hakuniambia ili isinisukume.

Sasa yupo jikoni, amepiga simu Dallas. Ameambiwa angoje, nasikia ule muziki wa simu hadi hapa. Lettie yupo chini ya meza na rangi zake. Koplo wa pikapu amepiga mara mbili leo. Anataka kujua kama bado inauzwa.

Muziki umekatika.

"Ndiyo, bado nipo," anasema Corliss. Kisha amefunika simu kwa kiganja na kunitazama kupitia mlangoni. "Baba. Anauliza ni gari gani."

Nimemwonyesha kidole: dakika moja. Naandika haya badala ya kumjibu. Nikishaamua nitaandika hapa, kwa sentensi kamili, na kiima chake kitakuwa mimi. Lettie ametoka chini ya meza. Amesimama kati yetu, anamtazama mama yake, kisha mimi, na kalamu yangu bado haijaiandika sentensi hiyo.